Barua ya wazi kwa wanaosimamia barabara za Dar: skuta ya umeme ni chombo gani, na ipite wapi?

Kwa:
Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Uchukuzi na Mambo ya Ndani,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam,
Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani,
Wakuu wa LATRA (usafiri wa ardhini), TRA (kodi na usajili wa vyombo), TBS (viwango), TANROADS na TARURA (barabara).

YAH: KUKOSEKANA KWA UTARATIBU WA SKUTA ZA UMEME KWENYE BARABARA ZA UMMA

Shikamooni waheshimiwa. Husika na mada tajwa hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya kimyakimya nimeshaijaribu. Niliandika barua kwenye ofisi moja ikapigwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo, nikafuatilia nikaambiwa faili liko kwa mkubwa, mkubwa yuko semina, akirudi utapigiwa. Sijapigiwa. Nikaenda ofisi ya pili wakanisikiliza vizuri tu, kiti nikapewa, alafu wakaniambia hilo suala sio lao ni la ile ofisi ya kwanza. Kwahiyo leo nawaandikia wote kwa mkupuo ili asiwepo wa kusema ni la mwenzake.

Nieleze kwanza naongelea kitu gani maana hata hapa watu huchanganya. Siongelei pikipiki za umeme, zile za kukalia ambazo vijana wa bodaboda wameanza kuziendesha, zile zina kadi na plate namba ya MC kama pikipiki nyingine. Naongelea skuta ya kusimama, ubao mmoja, tairi mbili ndogo, usukani unakunjwa, betri iko chini ya miguu, ukifika unaibeba mkononi unapanda nayo ngazi mpaka ofisini. Zipo. Ukikaa pale Mikocheni au Masaki asubuhi unaziona, Sinza zipo, Mwenge zipo, Posta siku hizi unakuta mtu kavaa suti na tai kasimama juu yake, na kila mwezi zinaongezeka.

Mimi nakaa Sinza, kazi yangu iko Mikocheni. Anayeijua Shekilango asubuhi na foleni ya kutokea Bamaga kuingia barabara ya Bagamoyo hana haja ya maelezo. Skuta yangu betri yake ni ya wati-saa 400 na kitu, yaani chaji nzima inakula kama nusu uniti, na kwa sisi tunaonunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya elfu moja tunapata uniti 2.8, piga hesabu mwenyewe, haifiki shilingi mia mbili kwenda kazini na kurudi. Sinunui mafuta, sibanani mlangoni na konda, natoka nyumbani najua ntafika saa ngapi. Ndio maana naipigania.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakuna anayejua hiki ni chombo gani.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Imefanyiwa marekebisho, sawa, lakini ilipoandikwa skuta ya kusimama yenye betri hakuna aliyekuwa anaiwaza, kwahiyo tunabaki kutafsiri, na kila mtu anatafsiri yake. Nimewahi kusimamishwa na maafande wawili kwa wakati mmoja. Mmoja anasema hii ni pikipiki, ina mota, plate namba iko wapi. Mwenzake anamwambia afande hii ni baiskeli tu, mwache. Yule wa kwanza anamjibu baiskeli ina pedeli, hii pedeli zake ziko wapi? Wakabishana pale mimi nimesimama katikati kama mtoto wa talaka, wakampigia mkubwa wao, mkubwa naye akauliza ni kama ile ya watoto? Mvua ikaanza ndio nikaachiwa.

Nacheka sa hivi ila ni jambo zito. Mwaka 2021 faini ya papo kwa papo kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 kwenda 10,000, magari yakabaki na yake. Sasa mimi nikiandikiwa naandikiwa ipi? Kama ni pikipiki basi elfu kumi, na kosa ni lipi, kutokuwa na plate namba ambayo hakuna anayenipa? Kama ni baiskeli basi faini ya nini? Na kama ni mdoli wa watoto kama alivyosema mwingine, basi mdoli nao siku hizi unakamatwa? Pasipo na jibu la maandishi ndipo panapozaliwa yale mazungumzo ya "tunafanyaje sasa kiongozi", mnayajua, na sitayaeleza zaidi ya hapo.

Kuna jamaa mtaani kwetu skuta yake ilishikiliwa. Hakupewa karatasi yoyote ya kuonyesha imepokelewa, akawa anaambiwa njoo kesho, njoo wiki ijayo. Alipoipata betri imekufa. Betri ya lithiamu ukiiacha imeisha chaji kwa muda mrefu haiamki tena, fundi hana cha kufanya, na betri ndio karibu thamani yote ya chombo. Hakufunguliwa kesi, hakupigwa faini, ila adhabu kaipata, na kosa lake mpaka leo halijui.

2. Kuingizwa nchini ni halali, kuuzwa ni halali, kuendeshwa ndio hatujui.

Hii skuta haikuingia kwa njia ya panya. Ilipita bandarini, ushuru ukalipwa, VAT ya asilimia 18 ikalipwa, ikauzwa Kariakoo dukani mchana kweupe na mimi nikapewa risiti ya EFD ninayo mpaka leo. Hapo kote serikali ilinitambua vizuri sana. Nilipotoka nayo dukani nikaikanyaga lami ndio ikawa hakuna anayenijua. Waheshimiwa, kama chombo hakiruhusiwi barabarani basi muuzaji alazimishwe kubandika tangazo dukani kwamba hiki ni cha kuendeshea ndani ya geti lako tu, tujue tunanunua nini.

3. Usajili na bima, huku ndio tunazungushwa hasa.

Nilitaka kuisajili kwa hiari yangu. Narudia, kwa hiari yangu, hakuna aliyenisukuma, nilitaka nikikutana na afande nimpe kadi maisha yaende. Fomu inauliza namba ya chesesi, namba ya injini, ukubwa wa injini kwa cc. Skuta haina cc, ina wati. Namba iliyopo ni moja tu imebandikwa kwa stika chini ya ubao na ukipita kwenye maji mara mbili tatu inafutika. Nikauliza niandike nini, nikaambiwa acha wazi. Nikaacha wazi, nikaambiwa fomu haijakamilika.

Nikasema basi angalau nikate bima ndogo, maana sheria ya bima ya vyombo vya moto inataka kila chombo cha moto kiwe na bima ya kumlinda mtu mwingine utakayemgonga. Wakala akaniuliza kadi ya chombo. Sina. Basi hakuna bima. Bila usajili hakuna bima, bila kutambulika kisheria hakuna usajili, na kutambulika ndio hii barua naiandika.

Alafu watu wanadhani hapa najitetea mimi tu. Wafikirieni wanaotembea kwa miguu. Mama ametoka sokoni na kapu lake, kijana kaja na skuta kilo 15 pamoja na uzito wake yeye mwenyewe kilo 70, mwendo 25 kwa saa, kamgonga, mama kavunjika mkono. Nani analipa? Akigongwa na bodaboda yenye bima kuna pa kuanzia. Akigongwa na skuta anabaki yeye na kijana wanaangaliana, na kijana anaikunja skuta yake anaondoka nayo kwapani, hana namba, utamtafutia wapi? Kutokuwa na utaratibu kunamuumiza asiye na skuta kuliko hata mimi niliye nayo.

4. Tupite wapi?

Hapa naomba mnivumilie maana ndio kila siku yangu.

Mjini mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, kwenye karatasi. Skuta ya kawaida inaenda 20 mpaka 25. Nikikaa barabarani kushoto kabisa, daladala inanipita kwa kiwiko, inaniwahi mbele inachomoka ghafla kituoni, bodaboda ananipita kushoto kwangu ambako hakuna nafasi, na dereva wa lori wala hanioni kwa sababu nimesimama mwembamba na chombo hakitoi sauti. Barabara ya Mandela yenye malori ya bandarini mimi siingii nayo kabisa na simshauri mtu. Nikipanda njia ya waenda kwa miguu nako nawaonea, na mara nyingi hiyo njia yenyewe imeisha: meza ya chipsi, viatu vimepangwa chini, bodaboda wameegesha, nguzo ya umeme katikati, alafu unakuta mfuniko wa mtaro haupo, umeibiwa, pamebaki shimo la ukubwa wa mtu.

Tairi za hizi skuta nyingi ni inchi nane na nusu, kubwa sana kumi. Shimo ambalo baiskeli inalipita kwa kurukaruka, skuta inaingia na kukaa, wewe unaendelea na safari peke yako. Matuta yetu mengine yamejengwa na wananchi wenyewe kwa hasira, marefu kama kaburi, ubao unagonga katikati. Msimu wa masika ndio usiseme, dimbwi huoni kina chake, na skuta nyingi zimetengenezwa kuvumilia manyunyu sio kuogelea. Jangwani kukijaa maji mnafunga barabara hata kwa mabasi, sasa fikirieni kitu chenye betri sentimita chache kutoka chini.

Barabara ya Morogoro mradi wa mabasi ya mwendokasi ulipojengwa na kuanza kazi mwaka 2016 ilitengewa njia za baiskeli na waenda kwa miguu pembeni, hilo niwapongeze kwa dhati, pale penye nafasi pananoga, ukipita asubuhi sana kabla biashara hazijapangwa unajiona uko nchi nyingine. Ikifika saa mbili njia hiyo ni soko. Sisemi machinga wafukuzwe kwa marungu, nao wanatafuta riziki, ila mji uamue ile njia ni ya nini, maana sa hivi mwenye baiskeli, mwenye skuta na mlemavu mwenye kiti cha magurudumu wote wanashushwa wakapambane na magari.

Na kabla hajatokea mwenzangu wa kuomba turuhusiwe kupita kwenye njia ya mwendokasi, mimi nasema hapana, msituruhusu. Lile basi lina urefu wa mita 18, haliwezi kukukwepa, na bodaboda wanaojipenyeza mle mnaona wanavyokufa.

5. Usalama wa chombo chenyewe.

Zipo skuta zimefungwa zisizidi 25, na zipo zinazokimbia 60 ukishabonyeza vitufe viwili. Zote mbili ukiziangalia kwa mbali zinafanana. Zingine zina breki moja tu ya nyuma. Taa ya mbele ni kama ya simu. Watu wanapakizana mishikaki, wawili juu ya ubao uliotengenezwa kwa mtu mmoja, na watoto wa darasa la tano wanapewa kama zawadi ya kufaulu alafu wanatoka nayo mpaka barabara ya lami, mzazi anachukua video.

Na betri. Betri ya lithiamu mbovu au iliyochajiwa na chaja isiyo yake inaweza kulipuka moto, na moto wake ni wa ghafla na mgumu kuzima. London walipiga marufuku kupanda na skuta binafsi kwenye treni na mabasi yao Desemba 2021 baada ya betri kuwaka moto ndani ya vyombo vya usafiri. Sisi huku chaja ikifa tunaenda kununua yoyote yenye pini inayoingia. Nyumba zetu za kupanga vyumba sita korido moja, mtu anachaji usiku mlangoni, ikiwaka wote mnapitia wapi? TBS hili ni lenu, mnakagua mpaka nondo na maziwa, betri hizi nazo zinahitaji jicho.

6. Kupanda nayo usafiri wa umma.

Fupi tu: ikikunjwa ni mzigo wa mkononi au ni chombo? Kwenye mwendokasi, kwenye kivuko cha Kigamboni, kwenye treni? Andikeni tujue. Hata jibu likiwa hapana kwa sababu ya moto ntalielewa.

Sasa najua majibu yatakayokuja, nimeshayasikia mengine kwenye korido za ofisi, ngoja niyajibu hapahapa tusipotezeane muda.

Mtasema hivi vyombo ni vichache, tuna mambo makubwa. Bodaboda nazo zilikuwa chache. Zikabeba abiria miaka bila leseni ya kubeba abiria, kanuni zake zimetoka 2010 enzi za SUMATRA, mamlaka iliyokuwepo kabla ya LATRA, wakati mji ushajaa na wodi za mifupa zishajaa, na mpaka leo mnahangaika kurudisha nyuma mazoea yaliyojijenga kipindi kile cha kimya. Hiki ni kipindi kile kile kwa skuta. Mkiandika sasa hivi mnaandikia watu wachache wanaoomba kuandikiwa.

Mtasema ni vitu vya watoto wa kishua. Bei ya skuta ya kawaida ni ndogo kuliko pikipiki mpya kwa mbali sana, na ninaowaona nazo ni mafundi simu, wanafunzi wa chuo, dada wa saluni. Na hata ingekuwa ni ya kishua, kishua nae akimgonga mtu anatakiwa awe na bima.

Mtasema barabara zetu hazifai. Kweli kabisa hazifai, kipengele cha nne nimewaambia mimi mwenyewe. Ila basi hilo ndilo liandikwe, barabara gani ndio, barabara gani hapana.

Mtasema sheria mpaka ipite Bungeni. Kanuni zinatungwa na waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, mnafanya hivyo kila siku kwa mambo mengine.

Mtasema hata wenzetu wa Ulaya wamezikataa, mfano Paris. Hili nimelisikia sana na linasemwa nusu. Paris walipiga kura Aprili 2023, waliojitokeza walikuwa wachache sana na asilimia 89 yao wakakataa skuta za kukodi, zile za makampuni zilizokuwa zinatupwa ovyo njiani. Skuta ya mtu binafsi bado ni halali Ufaransa, ina kanuni zake tangu 2019, mwendo mwisho 25. Ujerumani wao mwaka huo huo wa 2019 waliandika: mwendo mwisho 20, umri kuanzia miaka 14, leseni hapana, lakini stika ya bima nyuma ni lazima, breki mbili, taa, kengele, upite njia ya baiskeli na kama haipo upite barabarani, njia ya miguu marufuku. Singapore Novemba 2019 wakazitoa kwenye njia za miguu kabisa. Na Uingereza ndio wanaofanana na sisi kidogo, madukani zinauzwa wazi lakini ukiendesha ya kwako barabarani ni kosa na polisi anaichukua, zinazoruhusiwa ni za kukodi tu kwenye miji ya majaribio yaliyoanza 2020. Mimi naona wa Uingereza wamekosea, kumuuzia mtu kitu alafu kumkamata nacho, ila hata wao wameandika. Mwingereza anajua amevunja sheria gani. Mimi wa Sinza sijui.

Na tusiambiane kwamba nchi haijafika huko kwenye mambo ya umeme. Treni ya umeme kutoka Dar kwenda Morogoro inakimbia tangu Juni 2024, bwawa la Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115, kila hotuba tunaambiwa tuachane na mafuta. Nimeachana nayo.

Ninachoomba ni hiki:

Kwanza, tamko la muda la maandishi ndani ya miezi mitatu, ukurasa mmoja unatosha, linaloeleza skuta ya kusimama ichukuliwe kama nini kwa sasa, na kila askari wa barabarani awe nalo kwenye simu yake. Likisema marufuku, basi marufuku, ntaiuza. Lakini liwe na saini na tarehe.

Pili, kanuni kamili baada ya hapo. Pendekezo langu, na mnaweza kulibadilisha, ni makundi mawili. Skuta isiyozidi mwendo wa 25 na mota ya wati 500 ikae kundi moja na baiskeli: haina plate namba kubwa ila ina stika ya namba, mwendeshaji awe na miaka 16 kwenda juu, helmeti lazima, breki mbili, taa mbele na nyuma, mtu mmoja tu juu yake. Inayozidi hapo ni pikipiki, ipewe namba ya MC, dereva awe na leseni daraja A na bima kama pikipiki yoyote. TRA waweke kwenye fomu kipengele cha wati, ni mstari mmoja tu jamani.

Tatu, ramani ya wapi ndio na wapi hapana. Barabara za mitaa na njia za baiskeli ndio. Barabara kuu za malori, njia ya mwendokasi na njia ya miguu hapana, ukifika kwenye njia ya miguu shuka uisukume. Na awamu za mwendokasi zinazoendelea kujengwa, TANROADS na TARURA mhakikishe njia ya baiskeli haiishii kwenye mchoro.

Nne, mamlaka ya bima wakae na makampuni wapatikane wa kutuuzia bima ndogo kwa bei inayolingana na chombo. Tutanunua.

Tano, TBS wakague betri na chaja zinapoingia, na anayeuza skuta awe na chaja za akiba za aina hiyohiyo.

Sita, chombo chochote kikishikiliwa mwenyewe apewe karatasi yenye kosa, tarehe na jina la kituo. Hili hata halihitaji kanuni mpya.

Mkihitaji chombo cha kufanyia majaribio ya breki, mwendo au betri, ya kwangu ipo, ntaileta mwenyewe siku mtakayosema, naomba tu mnipe na barua ya kunifikisha, nisije nikashikwa njiani nikiwa nawaletea.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Sinza, mwenye skuta
Dar es Salaam

Nakala: Ofisi ya mbunge wetu na serikali ya mtaa, kwa taarifa.